Kazi Mbili, Mwili Mmoja



Ndugu waamini, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na wajumbe wa halmashauri za walei,

Kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, tunawaona wauguzi wetu wakiwasha mishumaa na kurudia kiapo chao. Wakubwa hutoa hotuba juu ya wito, nasi tunapiga makofi, kisha kila mtu anakwenda zake. Kesho yake muuguzi yule yule anatoka zamu ya usiku katika hospitali ya umma na kuingia zamu ya mchana katika zahanati ya mtu binafsi. Au anavua sare na kuketi kwenye cherehani hadi giza liingie. Hapo makofi yetu hugeuka masengenyo. Twasema ana tamaa. Twasema njia mbili zilimshinda fisi. Wako hata wanaomtolea onyo la Bwana, katika Mathayo sura ya 6, juu ya kutumikia mabwana wawili.

Sisi wa Kamati ya Haki na Amani tunasema bila kuficha: masengenyo hayo yamemwelekea mtu asiyestahili, na Maandiko hayo yametumiwa vibaya. Bwana alizungumza juu ya Mungu na mali. Hakumsema mama anayetafuta ada ya shule. Paulo alikuwa mtume, na huko Korintho alishona mahema pamoja na Akila na Priskila. Luka alikuwa mganga, naye ndiye aliyetuandikia Injili. Hata katekista wa kigango chetu hufundisha Jumapili na kulima Jumatatu, maana tunajua wazi kwamba posho tunayompa haimlishi. Mbona yeye hatumwiti mwenye tamaa?

Wazee wetu watakumbuka kwamba Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataza mishahara miwili. Ni kweli, lakini sharti lile liliwekwa kwa viongozi, ili wasijilimbikizie mali kwa migongo ya wanyonge. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 liliwafungulia viongozi mlango huo. Mwaka huo huo wa 1991 sheria iliruhusu tena hospitali za watu binafsi za kibiashara, ambazo zilikuwa zimepigwa marufuku tangu mwaka 1977. Zahanati zikachipuka mijini kama uyoga. Zilihitaji mikono iliyofundishwa, na mikono hiyo ilikuwa katika hospitali za umma na za Kanisa, ikiwa na mshahara usiofika mwisho wa mwezi. Basi tusijifanye kushangaa. Mkubwa akiwa na mradi wa pili tunamwita mwekezaji. Muuguzi akiwa na kazi ya pili tunamwita mroho.

Hata hivyo, hatusemi kwamba mambo yalivyo ni mema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida za kazi kwa juma, na kwa kawaida pumziko la saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Hospitali ya kwanza huhesabu saa zake na kuona imetii. Zahanati ya pili huhesabu zake, nayo ikaona imetii. Hakuna anayeuhesabu mwili wa yule mama, ambao ni mmoja. Waajiri wawili wamebaki na mikono safi, naye hajalala tangu juzi.

Na anayelipa gharama ya usingizi ule ni nani? Ni mgonjwa. Ni mzazi anayevuja damu saa nane za usiku huku dripu imekwisha na hakuna aliyeona. Ni mtoto anayepewa dozi ya mtu mzima kwa sababu macho yaliyosoma kipimo yalikuwa yamechoka. Mwenye fedha atakwenda kwingine. Maskini atabaki wodini, akimsubiri muuguzi ambaye nguvu zake zimekwisha kuuzwa mahali pengine. Ndiyo maana jambo hili si siri ya nyumba ya mtu. Ni suala la haki.

Kwa wauguzi wenyewe tunasema kwa upendo na kwa ukweli. Kushona, kufuga kuku, kufundisha au kusomea sheria baada ya zamu si dhambi. Lakini kusaini daftari la mahudhurio na kutoweka ni wizi wa saa. Kuchukua dawa ya wodi na kuiuza dukani kwako ni wizi wa uhai. Kumwambia mgonjwa kwamba hapa hatahudumiwa vizuri, ili umpate jioni kule kwenye zahanati ya kulipia, ni kumfanyia biashara ndugu yako alalaye kitandani. Umaskini unaeleza mengi, ila haya hauyahalalishi.

Lakini neno letu zito ni kwa waajiri. Baba Mtakatifu Leo XIII alifundisha mwaka 1891, katika Rerum Novarum, kwamba ujira lazima umtoshe mfanyakazi kuishi, hata kama yeye mwenyewe amekubali kupokea pungufu kwa kubanwa na shida. Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, aliufanya ujira wa haki kuwa kipimo cha haki ya mfumo mzima wa uchumi. Kwa kipimo hicho tumepungua. Wakuu wa nchi za Afrika waliahidi huko Abuja, mwaka 2001, kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Nchi nyingi bado hazijaifikia ahadi hiyo. Wakati huo huo vijana waliosomea uuguzi wanazunguka na vyeti bila ajira, huku wodi zina upungufu wa watu. Mmoja anafanya kazi mbili, mwingine hana hata moja. Huo ni utaratibu gani?

Nasi Kanisa tusijitoe katika kesi hii. Tunazo hospitali, vituo vya afya na zahanati. Je, neno "wito" hatujalitumia kama kifuniko cha mshahara mdogo? Hatuna haki ya kuinyoshea serikali kidole wakati vidole vyetu vingine vinatuelekea sisi wenyewe.

Tunachodai ni hiki: kazi mbili zitoke gizani. Anayetaka kuuguza siku tatu kwa juma na siku nyingine kufanya kazi yake ya pili apewe mkataba wa siku tatu, ulioandikwa, wenye likizo, matibabu na mchango wa pensheni kwa kadiri ya kazi yake. Siku zilizobaki apewe kijana asiye na ajira. Anayetaka kuuguza muda wote alipwe mshahara unaomwezesha kulala usiku. Wala mkataba wa siku chache usiwe hila ya kumlipa nusu mtu anayefanya kazi nzima.

Tumezoea kumhubiri Msamaria mwema na mafuta yake na divai yake. Tusome hadi mwisho, Luka 10, aya ya 35. Alipoondoka, alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili za kumtunza majeruhi, akaahidi kulipa zaidi kama gharama itazidi. Hakumwambia kwamba kuuguza ni wito, basi aridhike. Huruma ya Msamaria ilikuwa na mkoba.

Tunaziomba jumuiya zijadili maswali haya, na majibu yaletwe katika halmashauri ya parokia:

1. Je, tunawajua wauguzi wa jumuiya yetu, na tumewahi kuwauliza wanaishije?
2. Je, zahanati ya Kanisa iliyo karibu nasi inawalipa watumishi wake kwa haki na kwa wakati?
3. Ni nani atakayelipeleka jambo hili kwa diwani na mbunge wetu, na lini?

Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anaonya kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na kilio chake humfikia Bwana. Kilio hicho kiko wodini kwetu usiku huu. Tusijifanye hatukusikia.