Modemu Isilaumiwe Kabla ya Kukagua Mlango

Wapo wafanyabiashara ambao bado hutuma hesabu za tawi kwa kompyuta za miaka ya 1990. Modemu ikikatika katikati ya kazi, huitupa na kununua nyingine. Tatizo hubaki palepale, na gharama ya simu huongezeka.

Mara nyingi kosa liko kwenye mlango wa COM. Katika kompyuta za mtindo wa IBM PC, COM1 na COM3 kwa kawaida hutumia IRQ 4. COM2 na COM4 hutumia IRQ 3. Kipanya kikiwa COM1 na modemu COM3, viwili hivyo hugombea njia moja, na kusogeza kipanya kwaweza kukwamisha mawasiliano. Dawa ni kuhamishia modemu COM2, mradi hakuna kifaa kingine COM2 wala COM4. Haigharimu senti.

Kwa modemu ya nje, jambo la pili ni chipu ya mlango. Chipu za 8250 na 16450 hushika baiti moja tu. 16550A hushika 16. Modemu ya V.34, ya biti 28,800 kwa sekunde, ikiunganishwa kwenye chipu ya zamani chini ya Windows 3.1, herufi hupotea njiani. Hapo kinachostahili kununuliwa ni kadi ya mlango, si modemu.

Fundi anayeshauri modemu mpya bila kukagua hayo mawili anafanya biashara tu. Kabla ya kutoa fedha, mwenye duka na amuulize: IRQ ipi, chipu gani?