GEMU LA WATU ELFU, WEWE UNAZURURA PEKE YAKO?

Wale mliokuwa mkisubiri sehemu ya pili ya mada yetu ya wapenzi wanaokopana pesa mniwie radhi, itakuja. Nimepata ujumbe wa kijana mmoja wa Tandika (jina lake naliweka kapuni) na nimeona nisiucheleweshe, maana jambo lenyewe linamnyima usingizi. Hapa sisemi kwa mafumbo, jamaa halali kweli.

Kijana huyu ana miaka 23. Mchana anauza mitumba, na saa 12 asubuhi anatakiwa awe keshafungua mzigo. Usiku ni mtabibu. Si mtabibu wa mitishamba, ni mtabibu ndani ya gemu, zile gemu za intaneti ambazo watu wa kila nchi wanakutana kwenye dunia moja ya kubuni, kila mmoja na mhusika wake aliyemtengeneza mwenyewe, wanasaka mali, wanapigana na mazimwi na kupanda madaraja. Yumo kwenye chama cha watu ishirini na kitu, wengi wao wako Ulaya, na wana ratiba ya siku tatu kwa wiki. Sasa umeme umemkatikia mara mbili katikati ya pambano, wenzake wote wakafa, na kiongozi wa chama amemwambia ikitokea ya tatu asirudi. Kwa upande mwingine mama yake mzazi, kwa kumsikia akibwabwaja Kiingereza usiku wa manane chumbani peke yake, ameshaanza kuulizia watu wa dua.

Anauliza, aendelee kung'ang'ania kundi au ajitoe acheze kivyake, asidai mtu wala asidaiwe?

Najua wapo watakaoguna. Eti mtu mzima na ndevu zake anahangaika na gemu! Haya, muulize baba yako alikuwa anatafuta nini kwenye drafti pale kijiweni tangu saa 10 jioni mpaka giza likaingia. Tena drafti ukionekana unaicheza peke yako watu watakuhamia upande wa pili wa barabara.

Kwanza tuelewane, gemu hizi si za jana. Mwaka 1978 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex kule Uingereza, Roy Trubshaw, alianza kutengeneza dunia ya maandishi matupu, na mwenzake Richard Bartle akaja kuiendeleza. Waliiita MUD. Hakuna picha hata moja, unaandika kwamba unaelekea kaskazini, kompyuta inakujibu umefika wapi na nani yuko karibu yako. Huyu Bartle mwaka 1996 aliandika kwamba wachezaji wako wa aina nne: wanaosaka mafanikio, wanaopenda kuzurura na kuvumbua, wanaokuja kupiga soga, na wale ambao raha yao ni kuwaumiza wengine. Ukiangalia vizuri, ugomvi wa peke yangu au na kundi umeanzia hapo hapo. Mzururaji na mpiga soga ukiwafunga kamba moja, lazima mmoja alalamike.

Ilipokuja EverQuest mwaka 1999, mtu hakuwa na ujanja. Mazimwi mengi yalikuwa makubwa kuliko wewe, kundi lilikuwa la watu hadi sita, na ukifa unapoteza sehemu ya uzoefu uliouchuma kwa jasho. Mbaya zaidi, maiti yako inabaki kule kule na vitu vyako vyote, na wewe unarudi mtupu kuifuata. Hapo nani atajifanya jeuri? Watu walijuana kwa majina. Ukiwa mchoyo au mtoro, sifa zinasambaa, na hakuna wa kukuchukua. Ni mtaa mtupu, kama Keko au Mwananyamala, ukimtapeli mtu leo kesho kutwa mnakutana bombani.

Kisha ikaja World of Warcraft, Novemba 2004. Hii ndiyo iliyogeuza mambo. Mtu aliweza kupanda madaraja karibu yote akiwa peke yake, kundi akalihitaji zaidi akifika kileleni. Mwaka 2006 watafiti wakiongozwa na Nicolas Ducheneaut walichapisha walichokiona humo, kwamba watu hawachezi pamoja kiasi kile kilichokuwa kinadhaniwa. Wengi walikuwa wanatembea peke yao katikati ya umati. Wenzao walikuwa kama watazamaji wa kuwaringia, na wao kama sinema ya kuangalia.

Usicheke. Hata sisi tunafanya hivyo. Utamkuta mtu anatoka Mbagala mpaka Kariakoo Jumamosi hana hata shilingi ya kununua soksi, anazunguka Mtaa wa Kongo, anarudi nyumbani roho kunjufu. Hakuongea na mtu. Alitaka tu kuwa palipo na watu. Mimi kucheza peke yako ndani ya gemu la watu elfu sioni kama ni ugonjwa.

Wenye makampuni nao walishanusa. Desemba 2009 wenye World of Warcraft walileta chombo cha kukuunganisha na watu usiowajua kwa kubonyeza tu. Mapango ya watu watano, ambayo zamani ulikuwa unaomba na kubembeleza, ukawa unayapata ukiwa umekaa. Wakongwe walilia sana, na wana hoja. Mtu hakusalimii, mnaua zimwi, mnagawana, kila mtu anashika njia yake, kama abiria wa daladala. Mwaka 2024 wakaongeza mapango ambayo wenzako wanne ni vikaragosi vinavyoendeshwa na kompyuta yenyewe, na mwaka huo huo Agosti wakaja na safari fupi ambazo unaweza kuzifanya hata ukiwa mmoja. Kwa hiyo, mdogo wangu wa Tandika, anayekwambia gemu hizi ni za makundi tu hajaamka bado.

Lakini tusidanganyane, kundi lina utamu wake. Mliokulia uswahilini mnaikumbuka kombolela. Wote mmeshakamatwa, mmesimama kwa unyonge, mnajua mchezo umekwisha. Ghafla katoto kamoja ambako mlikasahau, kalikojibanza nyuma ya choo cha jirani, kanachomoka mbio, kanapiga kopo, na wote mko huru! Furaha ile hujawahi kuipata ukicheza mdako peke yako barazani. Ukimwona mtu amekesha kwa ajili ya chama cha kwenye gemu, jua anaitafuta furaha hiyo. Anataka siku moja awe yule mtoto wa nyuma ya choo.

Kundi pia lina watu wake. Mwaka 2005 ilisambaa video moja ya World of Warcraft, kundi limesimama nje ya pango linapanga mashambulizi kwa hesabu kali, mara mmoja aliyekuwa ameondoka kidogo anarudi, hajui kilichopangwa, anapaza sauti kutaja jina lake, Leeroy Jenkins, na kujirusha ndani. Wote wakafa. Baadaye wenyewe walisema yale yalikuwa maigizo, lakini nani asiyemjua Leeroy wake? Kwenye mabaraza ya karata yupo, kwenye ndondo yupo.

Sasa nije kwenye yale ambayo wazungu hawayasemi kwa sababu hayawahusu. La kwanza ni saa. Chama cha Ulaya kikianza saa mbili usiku kwao, hapa kwetu ni saa 3 usiku wakati wa kiangazi chao na saa 4 usiku wakati wa baridi yao, maana wenzetu wanasogeza saa kila Machi na Oktoba. Wakicheza saa tatu, wewe unalala saa 7 usiku. Hiyo inavumilika. Ole wako uingie chama cha Marekani mashariki. Saa mbili usiku ya New York ni saa 9 au saa 10 alfajiri ya Temeke. Utakuwa unatibu watu huku jogoo anawika, halafu ukapange mitumba. Mwezi mmoja tu utauza suruali ya elfu kumi kwa elfu mbili na hutajua umefanyaje.

La pili ni umeme na mtandao. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujaanza kuzalisha Februari 2024, mgawo ulitutesa sote. Halafu 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, intaneti ikawa ya kuotea kwa siku kadhaa. Ukicheza peke yako, umeme ukikatika unasonya, unawasha mshumaa, yameisha. Ukiwa kwenye kundi, umewaua watu ambao wengine wamewalaza watoto mapema ili waje kucheza na wewe. Kiongozi wao si mkatili. Hajui tu maana ya LUKU.

Na tazama kazi uliyoichagua! Pango la watu watano lina mmoja wa kupokea kipigo, mmoja wa kutibu na watatu wa kuchapa. Mchapaji akipotea, wenzake wanaweza kujikongoja wakamaliza. Mtabibu akipotea, wanazikwa. Wewe mkazi wa mtaa wenye nyaya za kurithi umeenda kubeba kazi ambayo haitaki kukatika hata dakika moja. Hapo ndipo ulipokosea hesabu, hata kama kosa la umeme si lako.

Dada zangu nao wana kesi yao, na ni nzito. Wengi wanaocheza wanazima maiki, wanajipa jina la kiume, au wanakimbilia kucheza peke yao, kwa sababu sauti ya kike ikisikika tu matusi na utongozaji vinaanza. Hapo simlaumu anayejitenga. Anayetaka kundi aanze na watu anaowajua kwa sura, wawili watatu wanatosha. Na kwa wote, wa kike na wa kiume: mwanachama anayekuomba neno la siri la akaunti yako, au umtumie hela kwa simu mtaonana baadaye, huyo si mwenzako. Mtoe.

Lakini kuna kisa kimoja ambacho nataka mama wa Tandika asomewe. Kijana wa Norway aitwaye Mats Steen alizaliwa na ugonjwa wa Duchenne, unaokula misuli mpaka mtu anashindwa kutembea. Miaka yake ya mwisho muda mwingi aliupitishia kwenye World of Warcraft. Wazazi wake walikuwa wanamwonea huruma, wakiamini mtoto wao hana marafiki. Alifariki Novemba 2014 akiwa na miaka 25. Wakaandika tangazo la msiba pale alipokuwa akiandika habari zake mtandaoni, na salamu zikaanza kumiminika kutoka nchi mbalimbali, watu wasiowajua wakieleza jinsi alivyowasikiliza na kuwafariji walipokuwa na shida zao. Baadhi ya wana chama chake, Starlight, walisafiri mpaka kwenye mazishi. Filamu ya maisha yake, The Remarkable Life of Ibelin, ilitoka mwaka 2024. Ibelin ndilo jina alilotumia humo. Mama, huyo anayebwabwaja chumbani kwako huenda anampa mtu pole. Mwite siku moja akuonyeshe, usimwite shehe kwanza.

Haya, mdogo wangu, jibu lako. Usitoke kwenye chama, badilisha kazi. Mwandikie kiongozi leo, kabla ya siku ya mchezo, umweleze kwamba unakoishi umeme unakatika bila taarifa, na kwamba unataka kuwa mchapaji. Omba siku moja badala ya tatu, na iwe ile ambayo asubuhi yake hufungui mzigo. Kama kompyuta yako ni ya mapajani na ina chaji, kinachokufa umeme ukikatika ni kile kidude cha intaneti, basi weka simu yenye bando pembeni, uhamie hapo haraka. Ile ya mezani haina msamaha. Akikataa yote hayo, huyo anataka mwajiriwa asiyemlipa, mwache.

Siku zilizobaki cheza peke yako bila aibu. Kuna Old School RuneScape, tangu 2018 inachezeka kwenye simu na ina sehemu ya bure, wala haitaki simu ya milioni. Mwaka 2014 waliweka mtindo wa watu wabishi, huruhusiwi kununua wala kupewa chochote na mchezaji mwingine, kila kitu unakitafuta kwa mikono yako. Wabishi wakaupenda sana. Unajua kilichofuata? Oktoba 2021 ikabidi wawekewe mtindo mwingine, wa wabishi wawili mpaka watano wanaosaidiana wao kwa wao.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tunarudi kwa wapenzi wanaokopana. Barua ni nyingi na nyingine, loh, zina mpaka risiti.