Chamonix ao Zermatt: mzazi asichague theluji kwa kufuata jina

Mwezi wa pili, masomo ya Ubelgiji na Ufaransa hufunga kwa vakansi. Watoto wanaporudi, mwalimu anauliza kila mmoja alienda wapi. Wengine wanaeleza theluji, milima, namna walivyoanguka na kuinuka. Mtoto wa Mkongomani aliyebaki nyumbani Brussels ao Lyon anainamia daftari lake. Juu ya siku kama hiyo, baadhi ya wazazi waliotoka Goma, Bukavu ao Lubumbashi wanajiwekea feza kidogo kidogo, ili wapeleke watoto kwenye milima ya Alpi, hata kama ni mara moja tu.

Wanapoanza kutafuta pahali, majina mawili yanatokea haraka: Chamonix, ya Ufaransa, na Zermatt, ya Uswisi. Yote mawili yana sifa yao. Chamonix iko chini ya Mont Blanc, na hapo ndipo michezo ya kwanza ya Olimpiki ya majira ya baridi ilifanyika, mwaka 1924. Zermatt iko chini ya Matterhorn, mlima wa mita 4,478 ambao picha yake ilijulikana dunia nzima kupitia chokoleti ya Toblerone.

Kwa mtu anayejua kuteleza kwa ski, Zermatt ina nguvu, na hakuna sababu ya kuficha hilo. Kijiji kiko kwenye mita 1,600 hivi, na teleferiki zinapanda mpaka mita 3,883. Theluji haikosekani kwa urahisi. Njia za kuteleza zimeungana, hata mtu anaweza kuvuka mpaka juu ya ski, akala chakula cha mchana Italia, kisha akarudi Uswisi jioni. Chamonix haiko hivyo. Mji wenyewe uko kwenye mita 1,035 tu, na huko chini mvua inaweza kunyesha hata katikati ya baridi. Sehemu za kuteleza zimetawanyika katika bonde, na kutoka moja kwenda ingine mara nyingi ni kupanda basi.

Lakini familia inayoenda kwa mara ya kwanza haiendi kuvuka mpaka juu ya ski. Inaenda kujifunza kusimama. Mtoto wa miaka nane anahitaji kilima kidogo, mwalimu mvumilivu, na pahali karibu ambapo mama anaweza kumwona. Katika bonde la Chamonix viwanja vya namna hiyo viko chini kabisa, kama vile Planards, ao Vormaine pale Le Tour. Kulipia milima mirefu ya Zermatt ili mtoto ashinde kwenye kilima cha wanaoanza ni sawa na kukodi basi zima kwa abiria wawili.

Kuna pia wale ambao hawatavaa ski hata siku moja: nyanya aliyekuja kutembelea, mama mwenye mimba, baba mwenye goti bovu. Kwa hao, Chamonix ina treni ya Montenvers, inayopanda mpaka mita 1,913 kutazama barafu kubwa iitwayo Mer de Glace. Ina pia teleferiki ya Aiguille du Midi, iliyofunguliwa mwaka 1955, inayofika mita 3,842. Zermatt nayo ina treni ya Gornergrat, inayofanya kazi tangu 1898, na uzuri wake haubishaniwi. Tofauti ni bei: Uswisi ni kati ya inchi ghali zaidi za Ulaya, na sahani moja ya chakula kwa watu watano inaweza kumaliza feza ya siku nzima.

Hapo jambo la motokari linaingia. Chamonix, barabara inafika mpaka mlangoni. Familia inakodi nyumba yenye jiko na kupakia unga wa fufu, sombe, samaki na mafuta. Zermatt hairuhusu motokari za petroli: mgeni anaiacha Täsch, kisha anapanda treni pamoja na watoto, masanduku na sufuria. Kijiji kisicho na moshi ni kitu kizuri, lakini mzigo huo wote unabebwa na mikono.

Hati za kusafiria nazo zisisahauliwe. Uswisi iko ndani ya Schengen tangu 2008, basi mwenye kibali halali cha kukaa Ufaransa anaweza kuvuka. Lakini anayengojea jibu la ombi lake la hifadhi hana uhuru huo. Kama katika familia inayoishi Ufaransa yuko hata mmoja wa hali hiyo, Chamonix inawaruhusu wote kwenda pamoja. Na popote watakapoenda, wanunue asiransi ya ski. Uswisi, helikopta ya kumwokoa aliyevunjika mguu ina bili, na bili hiyo humfuata mgonjwa ao asiransi yake.

Wako watakaosema: Kivu iko katika vita, ndugu wanalala kambini, na wengine wanakwenda kucheza na theluji? Swali hilo ni la haki. Jibu ni kwamba anayetuma feza nyumbani kila mwezi hafanyi kosa akiwapa watoto wake siku tano za furaha. Kosa ni kuchagua pahali pa bei kubwa kwa sababu ya picha za kutuma kwenye WhatsApp, kisha mwezi wa tatu shangazi wa Bukavu anaambiwa angojee. Sehemu ya nyumbani itengwe kwanza. Kinachobaki ndicho kichague mlima, na mara nyingi kitachagua Chamonix.

Tena wasingoje miaka mingi. Pale Mer de Glace, katika miaka ya 1980 ngazi chache tu zilitosha kushuka kutoka teleferiki mpaka kwenye barafu. Baadaye zilipita 500, juu ya barafu kuendelea kuyeyuka. Mzazi anayesimama pale na watoto ana jambo la kuwaeleza: kwetu pia, upande wa Beni, iko Ruwenzori, na kilele chake cha Margherita kina mita 5,109, kirefu kupita Mont Blanc. Nacho kina theluji, na barafu yake inapungua vile vile. Siku mwalimu atakapouliza, mtoto huyo atakuwa na milima miwili ya kueleza.