CHUO KIKUU NI CHA NANI? SOMO LA DAKAWA

Hakuna jambo liwezalo kuamsha ubishi upesi mkoani Morogoro kama habari za vyuo vikuu. Na ni haki iwe hivyo. Mkoa huu una Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, una Chuo Kikuu Mzumbe, na una Chuo Kikuu cha Waislamu. Karibu kila ukoo una kijana aliye chuoni, au aliyetoka huko, au anayetamani kwenda. Kwa hiyo wapenzi wa vyuo, yaani wahitimu, wazazi, wafanyakazi na majirani, hubishana kila wakutanapo, nao wamegawanyika makundi matatu.

Kundi la kwanza lasema kwamba taabu zote zatokana na uongozi: wakuu hawasikilizi, na viongozi wa wanafunzi huchaguliwa kwa makelele. Kundi la pili lalalamika kwamba kila fedha zikipungua, masomo ya sanaa na utamaduni ndiyo hukatwa kwanza. Kundi la tatu, nalo ndilo kubwa, hukipima chuo kwa kandanda tu: timu ikishinda chuo ni kizuri, ikishindwa chuo kimeoza.

Ubishi huo si mbaya. Watu wasiobishana juu ya shule zao ni watu waliokwisha kukata tamaa nazo. Lakini sisi twaona kosa moja. Makundi haya hupigana yenyewe kwa yenyewe. Mpenzi wa mpira husema ngoma na uchoraji ni anasa. Mpenzi wa sanaa husema mpira ndio unaomeza fedha. Mwanasiasa wa chuo huwacheka wote wawili, akisema hayo ni mambo ya kitoto. Na wakati wanapovutana hivyo, mwenye kalamu ya makadirio hukata apendavyo, kwa maana hakuna anayemwuliza. Maneno haya matatu kwa kweli ni neno moja. Swali lake ni hili: fedha zikipungua, nani huulizwa kabla ya kukata, na nani huwa wa kwanza kukatwa?

Ili kulijibu swali hilo, twawaomba ndugu wasomaji watazame Dakawa.

Wasafiri wengi wa barabara ya Morogoro na Dodoma waijua Dakawa kwa mashamba yake ya mpunga, ambayo hupata maji yake kutoka Mto Wami. Wazee waijua kwa msiba. Ni katika eneo hilo la Wami na Dakawa ambapo Waziri Mkuu, Ndugu Edward Moringe Sokoine, alifariki dunia kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Haikupita miezi mitatu, Chuo Kikuu cha kilimo kikaanzishwa mjini Morogoro na kupewa jina lake.

Lakini Dakawa ina historia nyingine ambayo vijana wengi hawaijui. Baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi tarehe 16 Juni 1976, vijana wengi wa Afrika Kusini walikimbilia nchi huru. Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa chama cha ANC ardhi huko Mazimbu, mahali palipokuwa shamba la mkonge. Hapo wakajenga shule, wakaiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu mjini Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Wageni walipozidi, mwaka 1982 Serikali yetu iliwapa ardhi nyingine, nayo ilikuwa Dakawa.

Sasa na tufikiri. Watu wale walikuwa wakimbizi. Walikuwa vitani. Chakula, nguo na vitabu vyao vilitokana na jasho lao na misaada ya marafiki. Kama kuna watu waliokuwa na udhuru wa kusema kwamba sanaa ingoje mpaka hali itengemae, ni wao. Nao hawakusema hivyo. Huko Dakawa, kwa msaada wa watu wa Uswidi, walianzisha kazi za kufuma na za kuchapa nguo kwa michoro. Vijana walijifunza hesabu na sayansi, wakafanya kazi za ujenzi na za shamba, waliimba, walicheza ngoma na mpira. Hatusemi kwamba Dakawa ilikuwa peponi. Palikuwa na upweke, palikuwa na magomvi ya nidhamu, na wengine walikata tamaa. Lakini kanuni yao ilikuwa wazi: mtu anayeandaliwa kujitawala huandaliwa mzima, kichwa, mikono na moyo.

Mwaka 1992 walirudi kwao, wakaiachia nchi yetu majengo yote. Mazimbu ikawa Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Kwao Afrika Kusini, katika mji uliokuwa ukiitwa Grahamstown, ambao tangu mwaka 2018 waitwa Makhanda, kilianzishwa kituo cha sanaa na kazi za mikono. Jina lake ni Dakawa. Katika mambo yote waliyojifunza hapa, ni kazi ya sanaa iliyolichukua jina la kijiji chetu mpaka kusini mwa Afrika. Ni ajabu na aibu pia iwapo warithi wa majengo yale watasema kwamba sanaa ni kitu cha kukatwa kwanza.

Twageukia uongozi. Hapa hatuna budi kusema ukweli, hata ukweli unaotuuma sisi wenyewe wa chama.

Chuo Kikuu cha kwanza cha nchi hii kilianza mwezi Oktoba 1961 katika jengo la TANU pale Dar es Salaam, kikiwa na wanafunzi 14 tu wa sheria. Jengo lile lilitokana na michango ya watu maskini. Kwa hiyo, wanafunzi wa chuo walipoandamana mwezi Oktoba 1966 kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wananchi walikasirika. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu wanafunzi 400. Lakini siku ile ile alifanya jambo la pili, ambalo wengi hulisahau: alijikata mshahara wake kwa asilimia 20. Vijana walikuwa wamesema kwamba wakubwa wajipendelea. Yeye aliwaadhibu kwa choyo yao, kisha akakubali kwamba walikuwa wamesema kweli.

Ikapita miaka 12. Mwezi Machi 1978 wanafunzi wa chuo kile kile waliandamana tena. Safari hii hawakudai chochote kwa ajili yao. Walipinga nyongeza ya marupurupu ya wabunge na mawaziri. Yaani walitukumbusha somo la mwaka 1966, nasi hatukupenda kukumbushwa. Walifukuzwa, chama chao cha wanafunzi, DUSO, kikapigwa marufuku, na mahali pake kikawekwa chombo kilichokuwa chini ya mikono ya Chama. Kabla ya hapo, mwaka 1971, rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, alikuwa amefukuzwa baada ya kumwandikia barua ya wazi mkuu wa chuo.

Tukiwa wanachama waaminifu yatupasa kukiri: mwaka 1978 tulikosea. Chombo cha wanafunzi kinachotoa sauti ya wakubwa tu ni mwangwi, wala mwangwi haukufundishi lolote usilolijua. Tena tusidhani kwamba uhuru wa uchaguzi peke yake watosha. Huko Makerere, mwezi Julai 2022, mwanafunzi mmoja aliuawa katika vurugu za kampeni, na chuo kikasimamisha uchaguzi. Vyama vya siasa vinapouingiza ugomvi wao ndani ya mabweni, wanaoumia ni watoto wa watu.

Na fedha za sanaa? Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kazi mwaka 2005. Kwa miaka mingi iliyapanga masomo kwa vipaumbele. Ualimu wa sayansi, utabibu, uhandisi na kilimo viliwekwa mbele; sanaa na fasihi nyuma. Hatuulaumu mpango huo wote. Nchi yahitaji waganga na mabwana shamba. Lakini bwana shamba aliyeshiba elimu ya udongo na asiyeweza kusema na mkulima ni sawa na ghala lililofungwa, na ufunguo umepotea.

Wakulima wa Dakawa wajua jinsi ya kupanda mpunga. Shida yao kubwa mara nyingi ni kupatana: nani apate maji leo, nani kesho, na gharama za pampu zigawanywe vipi. Hayo ni mambo ya watu kukaa pamoja na kujiona walivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Profesa Penina Muhando Mlama, walikwenda kijiji cha Malya, mkoani Mwanza. Hawakupeleka hotuba. Waliwasaidia vijana wa kijiji kutunga ngoma na michezo ya kuigiza juu ya matatizo yao wenyewe, mojawapo likiwa mimba za wasichana wa shule. Jambo lililokuwa likinong'onwa uani likazungumzwa hadharani. Hiyo ndiyo sanaa tunayoitetea. Atakayeiita anasa, na atuonyeshe chombo cha bei nafuu kuliko hicho.

Sasa kandanda. Morogoro haihitaji kufundishwa kuupenda mpira. Mseto ilichukua ubingwa wa nchi mwaka 1975, na Mtibwa Sugar, timu iliyozaliwa katika mashamba ya miwa ya Turiani, ikauchukua mwaka 1999 na 2000. Timu za wafanyakazi zimewahi kuwashinda vigogo wa Dar es Salaam. Kwa hiyo hatukubaliani na wanaoudharau mpira wa vyuo. Wala hatukusahau kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo ya shule yalisimamishwa nchini. Mti uliokatwa katika miaka ile, matunda yake tuliyakosa kwa muda mrefu.

Lakini upo mpira wa aina mbili. Upo mpira wa wote, ambao kila mwanafunzi hucheza; na upo mpira wa kumi na mmoja, ambao maelfu hutazama na chuo hulipa. Huko Marekani wameufuata huo wa pili, kwa mchezo wao wenyewe wanaouita futiboli, mpaka mwisho wa njia. Katika majimbo mengi ya nchi ile, mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote si gavana wala mganga, ni kocha wa chuo kikuu. Mwezi Septemba 2023 Chuo Kikuu cha West Virginia kilipokuwa na upungufu wa fedha, baraza lake liliamua kufuta masomo 28 na nafasi za walimu 143. Masomo ya lugha za kigeni yakapata pigo kubwa. Walimu walikuwa wamepiga kura ya kutokuwa na imani na rais wa chuo; haikusaidia. Timu ikaendelea kucheza. Hapo uongozi, sanaa na mpira vilikutana siku moja, na kila mmoja aliona ni nani aliyekatwa.

Sisi hatujafika huko, na tusiombe kufika. Kwa hiyo twatoa shauri letu katika mambo manne.

Kwanza, anayekata aanze na lake. Kabla chuo chochote hakijapunguza fungu la ngoma au la mipira, wakuu waonyeshe waziwazi walichopunguza katika safari, posho na magari yao. Huo ndio mfano wa mwaka 1966.

Pili, wajumbe wa wanafunzi wapewe karatasi za makadirio mapema, wala si asubuhi ya mkutano, na neno lao liandikwe. Uchaguzi wao uwe wao. Vyama vyote vya siasa vitoe mkono humo, na chetu kitangulie.

Tatu, fungu la sanaa na fungu la michezo yaandikwe kila moja kwa jina lake, yasifichwe chini ya neno mengineyo. Kisichoandikwa huibwa bila kelele.

Nne, kipimo cha michezo ya chuo kiwe idadi ya wanafunzi wanaocheza, wavulana na wasichana, wala si makombe kabatini. Na viwanja vifunguliwe kwa majirani, kwa maana ni kodi yao iliyovisawazisha.

Wapenzi wa vyuo waache kunyang'anyana mfupa. Mpenzi wa mpira akiona chumba cha wachoraji kinafungwa, ajue zamu ya uwanja wake yaja. Msanii akiona viongozi wa wanafunzi wananyamazishwa, ajue hapatakuwa na wa kumtetea. Wakisimama pamoja watasikilizwa.

Mkulima wa Dakawa aliyeinama katika maji ya mpunga, ambaye pengine hajaingia kamwe katika ukumbi wa chuo, ndiye anayekilipia. Haombi mengi. Aomba mtoto wake arudi akiwa mtu mzima wa akili, mwenye kazi mikononi, asiyeogopa kusema kweli, na ajuaye bado kuimba na watu wake. Hiyo ndiyo hesabu vyuo vyetu vitakayodaiwa.