Baraza Si Duka

Nyumba hujulikana kwa watu wanaoruhusiwa kuketi ndani yake. Mahakama ina mahakimu na wadai, duka lina wauzaji na wanunuzi, msikiti una waumini. Je, kituo cha wanafunzi ni nyumba ya nani? Jibu limo katika jina lake. Hata hivyo, vyuo vyetu vinapopanua na kukarabati vituo hivi, jina husema neno moja na mchoro wa jengo husema jingine. Na mchoro ukishageuka saruji si rahisi kuusahihisha.

Sina ugomvi na ujenzi. Hosteli zilizofunguliwa Mlimani, Dar es Salaam, mwaka 2017 zilijengwa kulaza wanafunzi 3,840. Maktaba mpya iliyofunguliwa hapo mwaka 2018 yaweza kuketisha maelfu ya wasomaji kwa wakati mmoja. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 425 kwa elimu ya juu ya Tanzania, na ujenzi katika vyuo ni sehemu ya kazi ya fedha hizo. Haya yote ni mema. Mwanafunzi amepata pa kulala, naye amepata pa kusoma. Lakini kulala ni kazi ya kimya, na kusoma ni kazi ya kimya. Amebakiwa na haja ya tatu, nayo ni mahali pa kusema na kujibiwa. Mahali hapo ndipo panapostahili kuitwa kituo cha wanafunzi.

Tazama sasa jinsi kituo hicho kinavyochorwa siku hizi. Ghorofa ya chini hugawiwa benki, maduka ya simu, vinyozi na watoa kopi. Ghorofa ya kwanza hupewa mgahawa, ambao kiti chake ni cha yule aliyeagiza chakula. Juu kabisa huwekwa ukumbi mzuri wenye viyoyozi, na ukumbi huo hukodishwa: Jumamosi ni harusi, Jumatatu ni semina ya shirika, na wanafunzi wakiutaka kwa mdahalo huambiwa waandike barua, wangoje idhini, kisha walipie umeme. Katika jengo zima, ni wapi mwanafunzi asiye na shilingi aweza kuketi saa moja bila kuulizwa anataka nini? Aghalabu ni ngazini.

Na mwanafunzi asiye na shilingi si mtu wa kubuni. Ni yule anayeishi kwa mkopo wa kujikimu, ambao wenyewe huuita bumu; na kila mwalimu ajua nyuso za darasa lake zinavyokuwa bumu linapochelewa. Kumwambia huyo kwamba kuketi na wenziwe kuna bei ni kumtoa katika mazungumzo ya chuo pasipo kumwandikia barua ya kumfukuza.

Chuo cha Mlimani hakikuzaliwa katika jumba lake. Kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, kwa kundi dogo la wanafunzi wa sheria, ndani ya jengo la TANU mjini. Kikapanda kilimani mwaka 1964. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 wakafukuzwa. Wako waitajao habari hiyo kuwa ushahidi kwamba wanafunzi wakikusanyika hapana heri. Nawasihi wasome ukurasa unaofuata. Machi 1967 kiliitishwa kikao kikubwa cha kujadili wajibu wa chuo katika Tanzania ya kijamaa: jeraha la mwaka uliotangulia lilitafutiwa dawa katika maneno. Mwaka huo huo wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika walianzisha chama cha USARF, ambacho Yoweri Museveni alikuwa mwenyekiti wake, wakawa na madarasa yao ya Jumapili. Mwaka 1969 wakatoa jarida la Cheche, ambalo lilipigwa marufuku mwaka 1970. Walter Rodney alifundisha na kubishana katika hewa hiyo, na kitabu chake juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kikatoka mwaka 1972. Sisemi kwamba kila lililonenwa lilikuwa hekima; mengine yalikuwa hamaki ya ujana. Nasema kwamba sifa ya chuo ilivuka mipaka kwa maneno yale, wala haikuvuka kwa pango la duka lolote.

Ukumbi wa Nkrumah, unaojulikana kwa makongamano ya Mlimani, picha yake ilichapwa katika noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Noti hiyo Benki Kuu iliiondoa katika matumizi mwaka 2025. Ukumbi bado umesimama. Fedha imekwenda zake, nyumba ya maneno imebaki.

Mhasibu atanijibu kwamba mkono mtupu haulambwi: jengo lataka rangi, maji na mlinzi, na ruzuku haitoshi. Maneno yake ni ya kweli, lakini hitimisho lake si la lazima. Wapwani wa Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja walikuwa wafanyabiashara hodari, wala hawakuhitaji kufundishwa faida. Hata hivyo walijenga baraza za mawe nje ya nyumba zao, mpita njia akaketi, akasikia habari, akabisha, akabishiwa, akaondoka bila kudaiwa. Walijua kwamba mahali pa kuuza ni pamoja na mahali pa kuketi ni pengine. Tena kituo cha maduka cha Mlimani City, kilichofunguliwa mwaka 2006, kimesimama juu ya ardhi ya chuo. Biashara imekwisha kupewa shamba. Isidai na sebule.

Mwingine atasema kwamba mdahalo umehamia katika simu, na vijana hawahitaji tena benchi. Katika simu mtu huchagua kundi la wanaokubaliana naye, na akikerwa hujitoa kwa kidole kimoja. Barazani lazima amtazame mpinzani wake machoni, amsikilize mpaka mwisho, na kesho wakutane tena katika foleni ya wali na maharage. Hiyo ni elimu ambayo hakuna mtihani unaoipima, na nchi inayokosa watu wenye elimu hiyo huiona hasara yake bungeni, mahakamani na katika kila mkutano wa kijiji.

Basi, kabla ya mchoro wowote kutiwa sahihi, wanafunzi na waalimu waulize mambo matatu. Kwanza, watu wangapi waweza kuketi humo bila kununua kitu, kivulini, mchana kutwa? Idadi hiyo iandikwe katika mchoro kama inavyoandikwa idadi ya maduka. Pili, ufunguo wa ukumbi utakaa mkononi mwa nani? Serikali ya wanafunzi iushike, na siku za mdahalo zipangwe mwanzo wa muhula, kabla harusi hazijaanza kuomba nafasi. Tatu, pango la maduka machache yatakayokuwamo litakwenda wapi? Liende kulitunza baraza, ili duka limtumikie msemaji badala ya kumfukuza.

Mchoro usiojibu maswali haya urudishwe kwa mwenyewe. Tukinyamaza leo, tutapata soko lenye jina la wanafunzi, nao watapita ndani yake wakiwa wateja. Mji una wateja wa kutosha. Walio haba ni watu waliozoea kutoa hoja na kuipokea, nao hao chuo kimepewa kazi ya kuwalea.