Msaada wa Mkulima Usifungiwe Kabatini

Iko kasumba iliyojengeka katika baadhi ya ofisi za umma, ambayo haina budi kung'olewa. Mpango wa kumsaidia mkulima ukishapitishwa, waraka hutoka wizarani, hufika mkoani, hushuka wilayani, hugongwa mhuri na kutiwa katika jalada. Msimu ukipita, ofisa anayehusika huulizwa kwa nini wananchi hawakunufaika. Naye hujibu bila haya kwamba wakulima "hawajitokezi".

Wajitokeze kudai nini? Hakuna adaiye kitu asichojua kwamba kipo. Mkulima aishiye mbali na makao makuu ya wilaya ana shamba la kupalilia na mifugo ya kuchunga. Akiviacha akaenda kubisha hodi ofisi hadi ofisi, akiuliza kama Serikali ina mbegu, miche au mbolea, nauli hutoka mfukoni mwake. Akiambiwa "njoo kesho", hana budi kulala mjini au kurudi mikono mitupu. Na anayelipwa mshahara kwa ajili ya kazi hiyo si yeye, bali ni ofisa.

Gharama ya ukimya huu si ndogo. Tarehe 8 Agosti 2022, katika sherehe za Nane Nane mjini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku ya mbolea. Mfuko wa kilo 50 wa urea, ambao bei yake sokoni ilikuwa imepita shilingi 120,000, ulipangwa kuuzwa kwa takriban shilingi 70,000. Ili kuipata nafuu hiyo, mkulima alitakiwa kuandikishwa kijijini kwake, apewe namba, kisha aende kwa wakala. Basi shilingi 50,000 za kila mfuko zilitegemea jambo dogo: kama kiongozi wa kijiji alitangaza siku ya kuandikisha, au alinyamaza. Hata aliyeandikishwa, kama wakala alikuwa mjini tu, nafuu yake ililiwa na nauli.

Wako watakaotetea uzembe kwa kutaja uhaba wa magari na wa mabwana shamba. Uhaba huo upo, lakini si sababu ya waraka kulala kabatini. Mfano wa Shinyanga unatosha. Mkoa huo uliachwa mtupu baada ya misitu kufyekwa kwa miaka mingi, ili kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mradi huo haukuishia kugawa miche. Wataalamu walikaa na wananchi, wakaipa nguvu mpya ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho ya akiba kwa ajili ya kiangazi. Mabaraza ya jadi na sungusungu wakasimamia sheria zake. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, zaidi ya hekta 300,000 zilikadiriwa kurudishiwa uoto. Ushindi huo haukuletwa na waraka uliofungiwa. Uliletwa na mazungumzo baina ya mtaalamu na mwananchi.

Vyombo vya kuendesha mazungumzo hayo vipo kila mahali. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ukutane angalau kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo kila mpango wa kilimo na hifadhi ya ardhi unapopaswa kusomwa kwa lugha nyepesi: msaada gani umekuja, nani anastahili, siku ya mwisho ni lini, na mwenye malalamiko amwone nani. Karatasi hiyo hiyo ibandikwe penye ubao wa matangazo. Mwalimu naye, ambaye mara nyingi ndiye mtumishi wa umma aliye karibu zaidi na mkulima, asione kwamba kumsomea mzazi wa mwanafunzi tangazo hilo ni kazi ya idara nyingine.

Mtumishi apimwe kwa idadi ya wakulima waliofikiwa na msaada, si kwa unadhifu wa majalada yake. Fedha za ruzuku hutokana na jasho la wananchi. Kuwaficha habari zake, iwe kwa makusudi au kwa uvivu, ni kuwanyang'anya kilicho chao. Mvua haimsubiri ofisa amalize chai yake. Makabati na yafunguliwe sasa, kabla ya msimu kuanza.