Daktari wa mapafu apimwe kwa hesabu au kwa mkono wake?

MKULIMA wa Mgori, Singida Vijijini, akikohoa kwa zaidi ya wiki mbili, njia yake inajulikana: zahanati, makohozi, kipimo cha kifua kikuu. Mashaka huanza pale makohozi yanapoonyesha kwamba hana ugonjwa huo, dawa za kawaida hazimsaidii, na picha ya eksirei ina kivuli ambacho huenda kikawa saratani, kovu la ugonjwa wa zamani au vumbi la machimbo.

Mgori yenyewe inafahamika zaidi kwa msitu wake, ambao vijiji vilianza kuulinda katika miaka ya 1990. Lakini iko ndani ya mkoa wa dhahabu. Mgodi wa Sekenke, wilayani Iramba, ulianza kuchimbwa mwaka 1909 enzi za Wajerumani, na wachimbaji wadogo wamo mkoani hadi leo. Vumbi la mwamba huacha makovu yanayofanana na kifua kikuu katika picha. Baya zaidi, humweka aliyelivuta katika hatari kubwa ya kupata kifua kikuu chenyewe.

Ili kuupata ukweli, wakati mwingine daktari hulazimika kupitisha mrija wenye kamera puani au mdomoni hadi kwenye matawi ya njia ya hewa, akachukue kipande cha nyama cha kupimwa. Mrija huo unaopindika, bronkoskopu, ulibuniwa na Mjapani Shigeto Ikeda katika miaka ya 1960. Si teknolojia mpya hata kidogo. Kigumu ni kumpata wa kuushika, na kigumu zaidi ni kujua kama anaujua kweli.

Daktari wa Tanzania husoma shahada kwa miaka mitano, hufanya mazoezi hospitalini kwa mwaka mmoja, kisha husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Akitaka ubingwa wa magonjwa ya ndani, huongeza miaka mitatu. Cheti chake kitasema ni bingwa. Hakitasema amepitisha mrija huo mara ngapi, wala mkono wake ulikuwaje siku damu ilipotoka.

Wakubwa wa fani hii nao wamebadili mawazo. Mwaka 2003 chuo cha madaktari wa kifua cha Marekani kilipendekeza mwanafunzi afanye uchunguzi huo mara 100 chini ya usimamizi. Mwaka 2015 chuo hicho hicho kikashauri kuacha kuegemea hesabu na kupima uwezo wenyewe: mwalimu akae na karatasi ya alama, aone kama mwanafunzi anafika kila tawi, analitaja kwa jina lake, na haugongi ukuta wa njia ya hewa.

Kwetu badiliko hilo lina faida ya wazi. Hospitali isiyopata wagonjwa wengi wa aina hiyo ingemkalisha mwanafunzi miaka kadhaa kabla hajafikisha 100. Lakini karatasi ya alama nayo ina hila yake. Pale ambapo mwalimu ni mmoja, naye ndiye mkuu wa idara na mwandishi wa barua za mapendekezo, nani atamfelisha kijana wake mwenyewe? Mpimaji atoke hospitali nyingine, la sivyo alama hizo hazitofautiani na salamu.

Ethiopia imeonyesha kwamba mafunzo haya yanawezekana Afrika Mashariki. Mwaka 2013, Hospitali ya Tikur Anbessa jijini Addis Ababa ilianza mafunzo ya miaka miwili ya ubingwa wa mapafu, wakufunzi wa kigeni wakija kwa zamu. Tanzania nayo ina Muhimbili, na ina Kibong'oto, Siha, iliyoanza kuwahudumia wagonjwa wa kifua kikuu mwaka 1926.

Hata hivyo, ingekuwa makosa kuufunga mjadala huu ndani ya hospitali kubwa. Mgonjwa wa Mgori ana uwezekano mkubwa zaidi wa kukutana na sindano kuliko bronkoskopu. Maji yakijaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, hawezi kusubiri safari ya Dodoma, takribani kilomita 240 kutoka Singida mjini. Hutobolewa hapo hapo, na daktari asiye bingwa.

Sindano hiyo hupita juu tu ya ubavu, kwa sababu mishipa ya damu na ya fahamu imejificha chini ya ubavu wa juu yake. Ikipotea kidogo, damu humwagika. Ikizidi kwenda ndani, pafu hutobolewa na kunywea. Mashine ya altrasaundi hupunguza hatari hiyo, kwa aliyefundishwa kuisoma.

Ni kazi ya dakika chache, na inaweza kupimwa kwa karatasi moja ya alama katika hospitali yoyote ya wilaya. Mabingwa wanaozunguka mikoani kutoa huduma wangeweza kuibeba karatasi hiyo, wakasimama pembeni na kumwangalia daktari wa wilaya akitoboa, badala ya kumnyang'anya sindano na kuifanya kazi wenyewe.